Kikombe cha Maji cha Redio

Jumapili ya mwisho wa mwaka, nyumbani kwa Fundi vitabu hushushwa rafuni. Ndiyo kawaida yake na mumewe tangu waoane. Vinafutwa vumbi kimoja kimoja, vinasifiwa au vinachambwa, kisha wanakubaliana watasoma nini mwaka unaokuja. Wenzao mwisho wa mwaka hupaka kuta rangi, wao hugombana kama mwizi fulani wa kitabuni alistahili kusamehewa. Lakini mwaka huu, Jumapili hiyo ilivyokuwa ikikaribia, Fundi alikuwa akipita mbele ya rafu kama mtu aliyenuniana na jirani.

Fundi ni mshona nguo. Chumba chake cha mbele kinachotazama barabara ndicho duka: cherehani ya miguu chini ya dirisha, meza ya kukatia, pasi, na magauni ya watu yakining'inia kwenye waya. Kusoma anajua, tena vizuri tu. Lakini hebu niambie, mtu aliyeinamia sindano tangu asubuhi atasoma saa ngapi? Basi msomaji alikuwa mumewe. Huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji mpaka kifua kilipomkatalia, akaambiwa akapumzike nyumbani. Apumzike wapi! Alivuta benchi karibu na cherehani, akafungua kitabu, akawa anamsomea mkewe kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Wateja wakambandika jina la Redio. "Redio leo inasemaje?" waliuliza hata kabla ya salamu. Na wako walioleta sketi kupunguzwa kiuno, sketi isiyohitaji kupunguzwa hata kidogo, ili mradi tu wajue yule mwizi wa kengele wa kitabuni kaishia wapi.

Pembeni, kwenye kiti chenye mto, hukaa mama mzazi wa Redio. Macho yake yamefifia, vifungo anashona kwa kupapasa, na bado havipindi.

Redio alikuwa na tabia moja. Hadithi ikifika penyewe, anakohoa. Anakohoa, anaomba maji, anakunywa taratiibu macho yakiwa ukurasani, halafu anaendelea. Fundi alijua ni kile kifua. "Pole, mume wangu," humwambia, mguu umetulia juu ya kanyagio, unangoja.

Walijaliwa binti mmoja. Homa ilimchukua hata jino la kwanza halijang'oka, na baada yake hawakupata mwingine. Siku zile Fundi alilala kaukabili ukuta, hali, hasemi, na cherehani ikaota vumbi. Redio hakumhubiria kitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamsomea, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku moja Fundi akageuka na kuuliza, "Halafu?" Tangu hapo akawa na imani yake kwamba vitabuni watu hupona. Wanaugua, wanapotea, wanazama, lakini mwisho wa yote wanapona. "Afadhali vitabu," alikuwa akiwaambia wateja huku akivuta uzi, "vina huruma."

Mwaka huu waliuanza vizuri, jamani. Walimaliza kitabu cha nahodha wa kivuko, wakamaliza cha dada wawili wagomvi waliorithi nyumba moja, na cha mwizi wa kengele wakakirudia kwa ajili ya kucheka tu. Kisha wakaanza cha mchimba visima. Kijana kaenda mbali kuchimba visima, mama yake yuko nyumbani anamngoja. Wakafika mahali kisima kimeporomoka, kijana yumo ndani, watu wanafukua. Redio akakohoa, akaomba maji. Safari hii kikohozi hakikukatika, na maji hayakushuka. Wakamkimbiza hospitali jioni ile ile, na kutoka huko ulirudi mwili. Kitabu kilibaki juu ya benchi na kipande cha kitambaa cha bluu katikati ya kurasa.

Mazikoni mama wa Redio hakutoa chozi. Watu hawakosi la kusema, wakanong'ona. Waliporudi nyumbani alikaa kitini pake, akashika vifungo vyake, akauliza, "Yule mchimba visima, wameshamtoa?" Akauliza kesho yake. Akauliza wiki zilizofuata, miezi ikaingia, swali lile lile. Na jibu la Fundi likawa lile lile: "Bado, mama." Angesema nini? Kukifungua kile kitabu ni kukubali kwamba Redio harudi kukimalizia, na moyo wake ulikuwa haujakubali. Akashona tu, chumba kimya, mpaka wateja wakaanza kuchukua nguo zao mlangoni bila kuingia.

Lakini mwaka hauna adabu, unakwisha tu. Jumamosi Fundi akapiga moyo konde akaenda kwa Kurasa, yule muuza vitabu vikuukuu anayetandaza turubai lake kando ya posta. Ndiko Redio alikonunua vyake vyote.

"Shemeji!" Kurasa akainuka. "Pole sana. Redio alikuwa mtu wangu."

"Ahsante, shemeji. Nitafutie vya mwaka ujao. Vitamu, kama kile cha nahodha."

"Kile! Kile kilinitoa machozi mimi. Mtu anaokoa abiria wote, halafu yeye mwenyewe anazama!"

"Kazama nani?"

"Nahodha."

Fundi akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Kurasa, wewe vitabu unauza tu, husomi. Nahodha aliokolewa asubuhi yake. Akarudi kwao akafungua duka la mikate, akaapa hagusi tena maji ila ya kuoga."

"Shemeji, yule kazama."

"Hakuzama!"

"Kazama, tena na mazishi yake yapo!"

"Unanibishia mimi? Nimekisikia chote, neno kwa neno!"

Sauti zikapanda. Wapita njia wakasimama kutazama mama mtu mzima anavyomtetea nahodha kwa kidole usoni mwa mtu. Kurasa hakutaka makuu. Akachakura lundo lake, akatoa nakala nyingine ya kitabu hicho, akafungua mwishoni na kumpa. Fundi akasoma. Akasoma tena. Akafunua nyuma, akafunua mbele, akalitafuta duka la mikate. Halikuwamo. Akairudisha nakala na kuondoka mikono mitupu, Kurasa akimwita, "Shemeji! Shemeji, nisamehe!"

Nyumbani alivishusha vitabu vyote sakafuni. Mama alikuwa amelala chumba cha ndani. Yule mwalimu aliyepona kifua kikuu, hakupona. Yule mtoto aliyepotea sokoni akapatikana kwa muuza mboga, hakupatikana, na muuza mboga mwenyewe hamo. Kila kitabu alichofungua kilikuwa na maiti wake, na Redio alikuwa amewafufua wote, mmoja mmoja, akiwa pale kwenye benchi. Ndipo Fundi alipoyakumbuka yale maji. Haikuwa kifua, si siku zote. Kile kikombe kilikuwa cha kumpa nafasi ya kutunga.

"Mwongo wewe!" aliliambia benchi. "Mwongo mkubwa! Miaka yote hii!" Halafu akaliinamia, akaweka shavu pale Redio alipokuwa akikaa, akalia mpaka akaishiwa nguvu. Kilichomchoma si uongo. Kilichomchoma ni kwamba mtu amembeba muda wote huo, na yeye hakujua hata kusema ahsante. Na sasa amwambie nani?

Jumapili ikafika. Wakakaa wawili, vitabu katikati yao. Mama akavipapasa majalada.

"Mwaka ujao tunasoma vitabu gani, mwanangu?"

"Hivi hivi, mama."

"Si tumeshavisoma?"

"Tulisomewa. Sasa nitavisoma mimi mwenyewe, kama vilivyoandikwa. Nataka kujua mume wangu alinificha wapi na wapi. Kipya hakiingii humu mpaka rafu hii iishe."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, akarudia kushona vifungo vyake. Kisha akauliza swali lake. "Na yule wa kisimani?"

Fundi akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi la Redio kwa mara ya kwanza, akafungua penye kitambaa cha bluu. Akasoma. Watu wanafukua, ndoo zinapandishwa, mama wa kijana amefika na haruhusiwi kusogea ukingoni. Macho ya Fundi yakatangulia mistari michache mbele. Yakaona. Akakohoa.

"Ngoja ninywe maji, mama."

Akamimina kikombe. Na alipokuwa akimimina, tayari maneno yalikuwa yanakuja yenyewe: sauti inasikika kutoka chini, kamba inashushwa, kijana anatoka mwili mzima umejaa tope, anacheka.

"Weka kikombe chini," mama akasema.

"Koo limekauka."

"Hata la mwanangu lilikuwa likikauka hapo hapo. Nilimzaa mimi, kikohozi chake cha kweli nakijua. Siku moja nikambana anieleze. Akasema, 'Mama, mke wangu ameshazika mara moja, inatosha.' Nikanyamaza, yale yalikuwa yenu." Mikono yake ilikuwa imeacha kushona. "Lakini mimi nakuuliza kila siku, nawe unaniambia bado. Basi kila siku naamka namngoja. Nimechoka kungoja, mwanangu. Nisomee kilichoandikwa."

Fundi akaweka kikombe mezani, akasoma. Kijana alitolewa alfajiri kwa kamba, kifua hakipandi wala hakishuki. Watu wakamwachia mama yake nafasi. Mama huyo akapiga magoti, akaanza kumtoa udongo kwenye kucha, kidole kimoja baada ya kingine. Sauti ya Fundi ikakatika, akairudisha, akasoma mpaka nukta.

"Kwa hiyo amekufa," mama akasema.

"Amekufa, mama."

"Mwanangu amekufa."

"Ndiyo, mama. Amekufa."

Ndipo bibi huyu, ambaye mazikoni hakutoa chozi, alipopiga ukelele uliowatoa majirani milangoni. Alilia kwa mwili mzima, akimwita mwanawe kwa jina alilompa yeye, si lile la wateja. Fundi akaja akapiga magoti mbele yake, akamkumbatia, akalia naye. Na mama alipoishiwa pumzi, Fundi akachukua kile kikombe, akamshikia mdomoni, maji mengine yakimwagikia vifungo mapajani.