Mhuri wa Mnara na Bahasha ya Nachiyar

Pattabiraman alikuwa karani wa posta ndogo ya Tirumanalur, nyuma ya hekalu, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuugusa mhuri wa mnara akiwa na viatu miguuni. Mihuri mingine ya ofisi aliigonga ndala zikiwa miguuni, hata tambuu ikiwa shavuni. Ila huu ulichongwa mnara wa lango la hekalu, ngazi saba, na mbele yake yule ng'ombe dume wa mungu Shiva amelala, anatazama ndani. Wakubwa wa posta waliuleta uwe kumbukumbu ya hekalu. Kwa Pattabiraman haukuwa kumbukumbu. Ulikuwa hekalu lenye mpini.

Wakusanyaji wa stempu walimtumia bahasha kutoka Pune, kutoka Kolkata, wakitaka chapa safi. Alinawa, akavua ndala, akajaribu kwanza kwenye gazeti, ndipo akaulaza mhuri taratibu kuanzia sikio la ng'ombe mpaka kileleni.

"Mzee, gonga tu, basi litaniacha," mteja mmoja alimwambia.

"Basi lina dereva, huu una Mwenyewe. Subiri."

Mteja akasubiri. Basi halikusubiri.

Mkewe Nachiyar hakuwa mtu wa kuomba vitu. Aliwahi kuomba kimoja. Kila baada ya miaka kumi na miwili makuhani hupanda mnarani na kumimina maji matakatifu kileleni, na Nachiyar alitaka bahasha yenye mhuri wa siku hiyo, ije nyumbani kwa jina lake kama barua za watu. Aliandika anwani yake mbele, na nyuma, penye jina la mtumaji, akaandika jina lake tena, maana hakuwa na mwingine wa kumwandikia. Pattabiraman akaiweka chini kabisa ya rundo, kwa sababu mke wa karani haruki foleni. Bahasha zilikuwa mia nne. Ofisi ilipofungwa ilikuwa imebaki moja.

"Si urudishe tarehe siku moja nyuma?" Nachiyar alisema kesho yake. "Nani ataona?"

"Mwenye mnara ataona."

Siku nne mkewe alimpa wali mkavu, bila mchuzi wa dengu. Siku ya tano aliapa mbele ya picha za miungu jikoni: mara nyingine, ya kwanza itakuwa ya Nachiyar. Mkewe akaikunja ile bahasha ndani ya sari ya harusi, akafunga kabati. Mchuzi ukarudi.

Miaka kumi na miwili ilipita. Zikiwa zimebaki siku tisa maji yamiminwe, moyo wa Nachiyar ulisimama alfajiri akiwa anachora maua ya unga wa mchele mlangoni. Alimaliza nusu.

Waliofiwa hawaingii hekaluni mpaka siku kumi na tatu zipite. Pattabiraman alihesabu kwa vidole, akahesabu tena kuanzia kidole kingine. Ilikuwa siku ya tisa kote kote. Mwaka unaofuata angestaafu.

Siku hiyo alikwenda kazini, kwa kuwa ufunguo wa kabati la mihuri ulikuwa wake. Alifungua kabati, akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono mgongoni. Foleni ilifika barabarani. Kadher Mohideen, tarishi aliyekuwa akimtania kwa miaka ishirini, akamtazama.

"Kaka, watu wanangoja."

"Siugusi. Nimefiwa."

"Chuma hakijui kama umefiwa."

"Mwenyewe anajua. Utagonga wewe."

"Mimi? Mimi Mwislamu, humo ndani sijawahi kuingia!"

"Umefiwa?"

"Sijafiwa."

"Umekula nyama?"

"Saa tatu asubuhi, kaka, nani ana nyama? Nimekula idli mbili, mchele mtupu."

"Nawa mikono. Vua ndala. Anzia sikioni."

Chapa ya kwanza kwenye gazeti ilitoka na ng'ombe asiye na kichwa.

"Umemchinja," alisema Pattabiraman.

"Astaghfirullah. Si wewe uliyesema nianzie sikioni?"

"Nilisema uanzie. Sikusema ukate."

Pattabiraman akasogeza kwa kiwiko ile bahasha ya zamani, iliyokuwa na harufu ya kabati. Kadher akasoma jina. Nachiyar alikuwa akimpa maziwa ya mgando ya kunywa getini kila siku ya jua kali, huku akimwuliza kama leo kuna barua yake.

"Ya shemeji hii?"

"Ndiyo."

"Basi nipe gazeti lingine."

Alijaribu mara kumi na moja, foleni ikinung'unika. Ya kumi na mbili akaigonga kwenye bahasha. Pattabiraman aliinama bila kufungua mikono: sikio, ngazi saba, tarehe.

"Inasomeka," alisema, akageukia ukutani kutazama kalenda. Aliitazama muda mrefu kwa mtu ajuaye tarehe.

Kesho yake Kadher alisimama getini.

"Barua ya shemeji. Kanuni unaijua kuliko mimi: niandike 'amefariki', irudi kwa mtumaji."

"Mtumaji ni nani?"

Kadher akaigeuza. "Shemeji."

Kunguru akaja, akaondoka.

"Nikupe mkononi basi, yaishe," alisema Kadher.

"Ina mnara. Bado siku tatu. Kanuni inaruhusu barua ikae posta siku saba."

"Inaruhusu?"

"Ukurasa naujua."

Kadher akaitia kwenye mkoba, peke yake, mfuko wa mbele.

Siku ya kumi na nne Pattabiraman alioga kabla ya jua, akaingia hekaluni, akaomba kwa jina la mkewe, akarudi kukaa barazani miguu mitupu. Kadher alifika saa nne. Alivua ndala getini bila kuambiwa, na kwa mazoea akaita kama alivyowaita watu wote wenye barua:

"Bi Nachiyar! Barua!"

Kisha akasikia alichosema, akashika mdomo.

"Leta," alisema Pattabiraman, akinyoosha mikono miwili. "Yuko ndani. Nitampelekea."

Akaiegemeza chini ya picha ya mkewe yenye shada la maua. Ng'ombe alikuwa amelala, anatazama ndani.