Kiraka Chekundu

Kila aliyefanya kazi pale ufukweni alijua kwamba Fundi hakanyagi maji ya bahari. Mwaka nenda mwaka rudi alishona matanga ya wageni waliokuja likizo kusimama juu ya ubao na kusukumwa na upepo kama vipande vya karatasi, lakini yeye mwenyewe hata miguu aliosha bombani. Karakana yake ilikuwa nyuma ya ghala la mbao, chumba cha mabati chenye cherehani nzito, meza ndefu, na harufu ya gundi iliyochanganyika na chumvi. Kwa muda mrefu alikaa akiwa ameligeuzia dirisha mgongo. Siku mdogo wake alipoajiriwa kufundisha wageni kuendesha mbao za tanga, Fundi aliisukuma ile cherehani peke yake, akihema, hadi ikatazamana na bahari.

Mdogo wake walimwita Njiti, kwa wembamba wake. Fundi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki: alimfulia sare za shule, akamchapa alipodanganya, kisha akalia naye kitanda kimoja. Sasa huyo mtoto aliyekwisha kuota ndevu alikuwa akivuta tanga lake kila alasiri na kwenda zake, na kila alasiri dada yake hakutulia hadi arudi.

Ndipo akajitafutia dawa. Alichukua kitambaa chekundu, akakata kiraka kikubwa kama sinia, akakishona juu kabisa ya tanga la Njiti, mahali ambapo hapakuwa pamechanika hata kidogo.

"Dada, unanitia alama kama ng'ombe!"

"Ng'ombe hupotea. Nyamaza, usije ukachomwa na sindano."

Tangu hapo akawa anashona huku akiinua macho. Akiona wekundu, mguu unakanyaga pedali. Asipouona, mguu unagoma.

Siku moja upepo ukageuka, ukawa unatoka nchi kavu. Upepo huo ni mnafiki. Karibu na ufukwe maji hutulia kama shuka lililonyooshwa, mgeni akayaona akafurahi, kumbe akisogea mbele kidogo tu anasukumwa kuelekea kilindini, na kurudi ni kupigana. Siku kama hiyo bendera ya kijani, ile ya kuruhusu watu kuingia majini, ilipaswa kulala sandukuni. Dereva wa boti ya uokoaji alimwambia hivyo Meneja.

"Wageni wamekuja kucheza," Meneja akajibu kutoka mlangoni mwa ofisi yake, kiyoyozi kikivuma nyuma yake. "Hawakuja kutazama sanduku. Pandisha."

Bendera ikapanda. Fundi akaiona kutoka dirishani.

Njiti alitoka na mgeni mmoja mwenye mabega mapana, mtu wa kucheka ovyo, aliyekuwa na uzoefu kiasi. Fundi akashona, akatazama. Wekundu upo, ila mbali kuliko kawaida. Akashona mstari ukaenda upande. Akatazama tena: wekundu umebaki tone la damu ya mbu. Akaacha kushona kabisa, akashikilia ukingo wa meza.

Kisha lile tone likageuka. Likaanza kurudi, likienda huku na kule kuukata upepo, likianguka na kuinuka. Fundi akaachia pumzi. "Mwoga mkubwa wewe," akajiambia, akafumua ule mshono mbovu, hata akaanza kuimba kwa pua. Wekundu ukakua, ukafika mchangani.

Chini yake alikuwapo yule mgeni. Peke yake.

Fundi alitoka mbio, mkasi ungali mkononi. Mgeni alikuwa amepiga magoti, midomo imepauka.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Kile kiungo cha mpira... kinachoshika mlingoti kwenye ubao wangu, kimekatika. Tanga langu likaenda na maji. Mwalimu akanipa ubao wake na tanga lake, akachukua wangu." Mgeni aliligusa tanga. "Aliniambia nisiogope. Alisema tanga hili lina mtu anayelitazama."

Fundi akageukia bahari. Muda wote ule alikuwa akimshukuru Mungu kwa kurudi kwa mtu mwingine.

Boti ya uokoaji ilikuwa gatini, ikipakia wageni wa kwenda kutazama samaki.

"Njiti anajua kuogelea," Meneja alisema, bila kumtazama usoni. "Tuwapeleke hawa kwanza, kisha..."

"Kisha nini?" Fundi akauliza. "Umtafute pamoja na samaki?"

Wageni wakaanza kushuka wenyewe, mmoja mmoja. Dereva akamsogelea Fundi. "Tatizo mtazamaji hayupo leo. Mmoja anaendesha, mmoja anatazama. Peke yangu nitampita hivi hivi."

Fundi alikuwa amezoea kumtania huyu dereva, akimwita Nahodha wa Beseni. Leo alimpa mkono tu ili amvute ndani.

"Wewe, Fundi?"

"Mimi. Washa, kabla sijapata akili."

Boti iliporuka wimbi la kwanza alipiga ukelele. La pili, akatapika. Lakini macho hakuyafumba. Tabu ilikuwa kwamba macho hayo yalizoea kutafuta chekundu, na huku hakukuwa na chekundu. Kulikuwa na kijivu juu ya kijivu, na ubao wa kijivu mahali fulani katikati yake. Kila wimbi lilikuwa na kichwa cha mtu. Kila kichwa kikayeyuka. Nyuma yao ufukwe ulikuwa umebaki uzi.

"Mafuta, Fundi," dereva akasema kwa sauti ya chini. "Yakibaki ya kurudia tu, tutageuza."

"Hatugeuzi."

"Nakwambia mapema."

Akaacha kutafuta rangi. Akaanza kutafuta kilichosimama, kwa sababu baharini kila kitu kimelala. Na pale, pembeni kabisa, akaona kitu chembamba kimesimama wima, kikapotea, kikasimama tena.

"Njiti!" akapiga kelele. "Kule! Kushoto! Njiti!"

Alikuwa amepiga magoti juu ya ubao, akiinua na kushusha mikono kama mtu aliyechoka kuagana. Walipomvuta ndani, meno yakigongana, Fundi akamchapa kofi, kisha akamkumbatia hadi akakohoa.

"Dada... umelowa," Njiti akanong'ona. "Kiraka kilifika?"

"Kilifika. Wewe hukufika."

Asubuhi iliyofuata upepo ulikuwa bado unatoka nchi kavu. Meneja akasimama mlangoni mwa karakana.

"Fundi, bendera ya kijani haimo sandukuni."

"Iko hapa. Imechanika."

Meneja akaitazama mapajani mwake, nzima, imekunjwa vizuri. "Imechanika wapi?"

Fundi alijua kwamba anaweza kufukuzwa kabla ya chai. Aliinua mkasi, akaukata ule ukijani katikati, polepole. Dirishani, maji ya karibu yalikuwa yametulia, mazuri kabisa.