Betri Niliyoianika

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba betri zote hupenda jua. Juzi mteja aliniletea simu ya kutengeneza, yenye mgongo uliofura, na harufu ya mchana ule wa Mulongwe, mtaa wetu wa utotoni, ikanirudia puani.

Vita vilikuwa vimefunga njia ya Luberizi, na baba alikuwa huko. Sauti yake ilitufikia kwa simu ya mama tu. Betri ilipokufa, umeme haukuwapo, nikafanya kama tulivyofanya na betri za redio: nikaianika juu ya bati.

Ilipovimba nilifurahi. "Mama, imeshiba!" Nikaitoboa kwa msumari, nipunguze unene ili iingie tena kwenye simu. Ilifoka, ikanuka tamu kama rangi ya kucha, kisha ikalipuka moto. Majirani walilala chini wakidhani ni bomu.

"Weye mutoto," jirani yetu alifoka akijipangusa vumbi, "maaskari wameshindwa kutuua, sasa iko weye?"

Mama aliumwagia moto mchanga, akachomoa kadi ya laini kwenye simu. "Kadi iko muzima. Simama, tutafute telefone ingine. Baba yako ataita."

Tulibisha hodi nyumba kwa nyumba. Jioni, tulipotia kadi ile kwenye simu ya fundi viatu, baba alipiga.

Nilijifunza peke yangu, baadaye, kwamba kule kuvimba kulikuwa gesi iliyozaliwa na joto, na kwamba msumari ulipasua utando mwembamba unaotenga pande mbili zisizopaswa kugusana. Sasa betri iliyofura naitoa polepole, bila ncha yoyote, naiweka kwenye ndoo ya mchanga, na mteja namweleza sababu.