Msumari Ndani ya Giaboksi

Giaboksi ya boti ya kaka yangu ilikaa siku arobaini uani kwetu Kunduchi, imefunikwa turubai pamoja na injini yake, na hakuna aliyeigusa. Baba alipiga marufuku. Tulipotoka kumzika kaka alisimama mlangoni akasema kitu cha marehemu kisiguswe mpaka arobaini ipite, na watu wakaitikia, wakaona mzee kaongea la maana. Mimi ndiye fundi wa nyumba ile. Nilijua kabisa kwamba chuma kilichokunywa maji ya chumvi kinafunguliwa siku hiyohiyo, kinaoshwa kwa maji baridi na kumwagiwa dizeli, la sivyo kinaganda. Ningemwambia baba neno moja angenielewa. Sikumwambia. Nilifurahi kukatazwa, na hadi leo naona aibu kuliandika hilo.

Sababu yake ni hii. Miezi mitatu kabla ya msiba giaboksi ilianza kukataa kuingia gia. Ndani yake kuna uma wa chuma unaosukuma gia, na uma huo unashikwa kwenye fimbo yake na pini ndogo. Pini ilikuwa imelika. Nilizunguka Gerezani na Buguruni kutafuta nyingine, lakini injini ilikuwa kuukuu mno, wauza spea wengine walicheka tu nilipoitaja. Kaka alitaka kutoka kesho yake alfajiri. Baba alikuwa pembeni akipigilia mlango wa banda la kuku, akanirushia msumari wa inchi nne.

"Kata huo, utashika," akasema.

Nikaukata, nikaupigilia mahali pa pini, ukashika. Nikamwambia kaka ni wa muda tu, akacheka. Kwetu kitu cha muda kinakaa mpaka kife chenyewe.

Siku ya ajali boti ilikuwa inarudi, bahari imechafuka, na mwamba uko karibu. Mabaharia wawili waliookoka walisema jambo moja: injini ilikuwa inanguruma lakini boti haiendi. Mawimbi yakaisukuma mwambani, ikapinduka, injini ikaja kuopolewa baadaye. Aliyekuwa ameshika mkono wa gia ni kaka, na yeye ndiye aliyekufa. Basi watu wakapata la kusema. Walisema kaacha gia frii, kasinzia, mzembe yule. Walilisema hata kwenye matanga, wamekaa juu ya mikeka yetu, mikono ina mafuta ya pilau yetu. Dirisha la chumba cha shemeji linatazama uani. Alikuwa ndani akikaa eda, na yote aliyasikia.

Jibu lilikuwa chini ya turubai. Msumari ukiwa mzima, kaka alizembea kweli. Ukiwa umekatika, kaka hana kosa, na fundi aliyemuua ni mimi.

Kesho yake baada ya dua ya arobaini, sufuria za watu hazijarudishwa bado, baba mwenyewe alivuta turubai. Nilikuwa nimepiga magoti natafuta spana, nikasikia sauti ya shemeji nyuma ya pazia la dirisha.

"Shemeji, ukishaifungua, itaonekana kama gia iliingia?"

"Itaonekana, shemeji."

"Haya. Mie nipo hapahapa."

Sijawahi kufanya kazi nikisikilizwa namna ile. Nilifungua tundu la chini, yakatoka maji na oili vimechanganyika, rangi ya chai ya maziwa. Nikaitenga giaboksi na injini, nikaiweka juu ya matofali mawili. Shafti haikutikisika hata kidogo. Nikamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, nikaiacha siku mbili inywe. Nilirudi, nikavalisha bomba kwenye spana ili nipate nguvu, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Hakuna kitu. Bolti mbili za mfuniko zikakatika mkononi nikatukana, halafu nikakumbuka dirisha.

Baba hakuondoka pale. Alikaa kwenye kigoda na beseni la mafuta ya taa, akiosha kila nilichokitoa. Mzee huyu ana maoni juu ya kila kitu, hata namna ya kushika nyundo, lakini siku zile nne alinyamaza. Nilidhani ni majonzi. Nilikuwa namwonea huruma, huku nikimwogopa kwa siku atakayojua.

Siku ya nne nikawasha mkaa. Nilipanga makaa kuzunguka giaboksi, nikayapepea mpaka chuma kikaanza kutoa moshi wa oili, kisha nikaweka kipande cha mti juu ya shafti na kugonga, polepole, upande huu na upande ule. Kugonga kwa hasira kungepasua beringi. Nilikuwa na hasira nyingi, na ilibidi nizimeze kila nyundo inaposhuka. Karibu na adhuhuri nikasikia mlio mkavu. Nikavalisha bomba tena, nikavuta, shafti ikazunguka robo, ikarudi, ikazunguka nusu. Kazi niliyoisubiri siku nne ilikuwa imekubali, na mimi nilitamani igande tena.

"Fungua," baba akasema.

Mfuniko ukatoka. Nilisogeza fimbo kwa kidole, ikaenda na kurudi. Uma haukwenda nayo. Sikuhitaji kuangalia zaidi, lakini baba alishaingiza mkono chini kabisa, kwenye tope la oili, akatoa vipande viwili vifupi vya msumari. Akavisuuza katika beseni, akaviweka kiganjani. Pale ulipokatikia palikuwa pekundu kwa kutu. Ungekatika kwa nyundo zangu, pangeng'aa.

"Wa kwangu huu," akasema.

"Niliyeufunga ni mimi, baba."

Aliinuka, akaenda mpaka dirishani, akasimama mbele ya pazia na kiganja wazi, kana kwamba shemeji angeweza kukiona.

"Mwanangu, mumeo aliingiza gia. Hakulala. Kilichokatika ni msumari, na msumari nilitoa mimi. Tangu mabaharia waliposema boti haiendi, niliuwaza huu. Kukataza kwangu kusiguswe kitu, niliogopa tu. Nisamehe."

Nilijua sasa kwamba siku arobaini zile tulikuwa wawili, baba chumbani kwake na mimi kwangu, kila mmoja akijificha nyuma ya heshima ya marehemu, na marehemu anatukanwa barazani kwetu.

"Na wewe, shemeji?" sauti ikauliza. "Na wewe ulijua?"

Ningeweza kusema nilihisi tu. Lilikuwa neno la kweli, na lingenisaidia.

"Nilijua."

"Siku zote hizo wanamsema mume wangu, mko nao hapo mkekani, mnawasikiliza?"

"Siku zote hizo."

Hakulia, wala hakututukana. Dirisha likafungwa, nikasikia komeo likivutwa. Ilikuwa adhuhuri, jua la kuchoma, na chumba kile hakina feni.