Damu Niliyojivunia

Bado naikumbuka, mwanangu, siku niliyorudi kwetu Kisian kutoka milima ya Lesotho, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimepima barabara kule juu miaka minne, penye theluji na hewa nyepesi. Diploma yangu ya upimaji ardhi ilikuwa ya kwanza kijijini, na sikumwacha mtu aisahau. Hata leo iko ukutani, njoo uione.

Uso wangu ulikuwa umeiva, mwekundu hata machoni. Kwetu ziwani malaria humaliza damu ya watoto, kwa hiyo mwenye damu nyingi huonekana amebarikiwa. Walinisifu, nikavimba. Kwamba kichwa kiliniuma kila asubuhi na midomo imegeuka zambarau, sikumwambia mtu.

Wiki hiyo hiyo mtoto wa dada yangu Atieno akaishiwa damu. Hospitali ikataka ndugu wajitolee. Nikakunja mkono wa shati.

"Chukueni yangu. Ninayo ya watu watatu."

Mzee wa maabara alinitoboa kidole, akapima, akarudia.

"Bwana, umetoka wapi?"

"Lesotho. Kule juu kabisa."

"Na kichwa, kinauma?"

Nikaanza kuukunjua mkono wa shati.

"Kule hewa haitoshi, basi mwili huongeza damu ili uikamate hiyo kidogo. Yako imepita kiasi, imekuwa nzito, moyo unaisukuma kwa taabu. Siwezi kumpa mtoto. Na ukirudi kule, utaletwa nyumbani kwa sanduku."

Atieno, mwembamba kama mwanzi, aliketi kwenye kiti changu. Damu yake ndiyo iliyomwokoa mwanawe. Mimi mwenye ya watu watatu nilimshikia mkoba.

Jioni alinikuta nikiutazama mkataba mpya wa kurudi milimani.

"Bwana Diploma," akasema, "kaa huku chini na sisi. Hata ukiwa na damu kama ya watu wengine, tunakutaka."

Nikauchana. Miezi ikapita, kichwa kikatulia, na nyumba hii nikaijenga papa hapa, kwa jasho langu, tena ya matofali.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nilipima milima nikasahau kujipima. Kwa hiyo, mwanangu, mwili ukikulalamikia, sema mapema, tena kwa wanaokupenda. Na usidhani kila kilichozidi ni neema. Mungu akupe damu ya kukutosha, na dada wa kukuambia ukae.