Nilimwambia Anisubiri

Nilikuwa na miaka tisa na mdogo wangu mitano, siku mwanamke mmoja aliposimamisha gari karibu na mashine ya kusaga ya kijijini kwetu, Kabasa, akatuambia mama amelazwa Musoma. Tulipanda na ndoo yetu ya mtama. Safari ile naikumbuka kama kitu nilichokitazama nikiwa chini ya maji: mashamba ya pamba yakirudi nyuma, meupe, kimya, na mdogo wangu akiuliza kama huko hospitali mama anapewa uji.

Hospitali hatukufika. Tulifungiwa kwenye chumba kilichonuka dagaa, mahali ambapo ziwa lilisikika bila kuonekana. Siku ya tatu yule mwanamke alisema mama amekufa, na kwamba tutavushwa ng'ambo tukafanye kazi za ndani. Mimi sikumwamini. Mdogo wangu aliamini.

Asubuhi iliyofuata nilibandua wavu wa dirisha, nikampitisha yeye kwanza.

"Nisubiri pale kwenye mawe. Usiondoke mpaka nije."

Mabega yangu yakakwama. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja kuvunja mlango, lakini jua lilikuwa limeshapanda. Kwenye mawe hapakuwa na mtu. Yule mwanamke naye hakuonekana tena. Nilirudishwa nyumbani peke yangu, nikamkuta mama mzima, hajawahi kulazwa.

Nilirudi Musoma mara nyingi nilipokuwa mkubwa. Nilitembea kando ya ziwa nikitazama nyuso za wasichana, na kila mwaka nilimwongezea mdogo wangu mwaka mmoja usoni. Wakati mwingine nilimwona kabisa, nikamkimbilia, akageuka akawa mtu mwingine.

Mwaka jana, nikiwa kwenye cherehani yangu Manyamanyama, mteja mmoja alininunia.

"Fundi, nilikusalimia kanisani Butiama, ukanipita kama hunijui."

"Butiama sijawahi kufika, dada."

Alinitazama sana. "Basi kuna mtu ana sura yako. Hata akicheka anafumbaga jicho moja, kama wewe."

Sikumaliza gauni lile. Kesho yake nilikwenda Butiama, nikamkuta mdogo wangu akianika mihogo kwenye mwamba nyuma ya nyumba. Nilimsalimia kwa Kijita, lugha ya nyumbani kwetu, hakuelewa. Nikamwambia kwa Kiswahili mimi ni nani. Aliendelea kupanga vipande vya mihogo, kimoja kimoja, mpaka ungo ukabaki mtupu.

"Nilikusubiri," alisema. "Nilikusubiri mpaka nikajikojolea."

Mama aliyemlea alitoka ndani akanishika mikono yote miwili. Alikuwa akiuza samaki Musoma enzi hizo, akamkuta analia kwenye mawe.

"Nilimuuliza mama yake yuko wapi, akasema amekufa. Niliuliza mara tatu. Ningefanyaje, mwanangu?"

Nilikula kwao, nikalala mchana kwenye mkeka wao kama mgonjwa aliyepata nafuu.

Wiki iliyofuata nilimleta mama yetu. Mdogo wangu alipiga magoti, akasema, "Shikamoo," kwa sauti ya kumpokea mgeni. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa mama shavuni, polepole, kama anayehakikisha.

Hakurudi nasi. Ana mume pale, ana watoto, ana mama.

Tulirudi kwa basi, mama akiwa dirishani. Tulipofika Nyamuswa, abiria wakishuka na kuku wao, alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Amenenepa," alisema.