Jezi Zilizofukizwa Udi

Chetezo kikipitishwa harusini, mie huziba pua kwa mtandio. Wenzangu wanausifu udi. Kwangu mie unanuka jezi.

Mjomba alikuwa nahodha wa timu ya kwanza ya chuo, pale mjini Ibra. Waliposhinda mechi ya mwanzo akakataza jezi zisifuliwe mpaka msimu umalizike, bahati isije ikatoka. Zikawa zinalala kwetu. Bibi, mama yake, akizifukiza katika chumba kilekile tunacholia chakula. Kwapa zimegeuka manjano, migongo imekauka chumvi, na moshi mtamu unapanda juu ya uvundo ule. Nikimeza wali bila ya kutafuna.

Kuamkia fainali, bibi alishindwa kuvumilia, akazifua zote. Wakafungwa.

Mjomba aliingia na furushi la jezi, zimerowa jasho, akamtupia mama yake miguuni.

"Umeiosha bahati yetu," akamwambia. Hata shikamoo hakutoa.

Nilingoja bibi amgombeze. Bibi akainama, akaziokota moja moja.

"Nisamehe, mwanangu," akasema, kisha akaenda kuwasha makaa.

Moshi ulipoanza kupanda, nikatoka uani kutapika.